Keria ya Mjomba

Keria ndiyo iliyotoka kwanza. Ilishikwa na nati nne zilizoliwa na kutu, na kila moja ililia kabla ya kuachia, kama mbuzi anayeburutwa kwenda mnadani. Baiskeli yenyewe ilikuwa Foniksi nyeusi ya mjomba wangu, zile za Kichina zenye breki za fito, na aliitumia miaka mingi kubebea mpunga kutoka majaruba ya Bahi. Alipopata pikipiki aliileta kwetu Ipagala, Dodoma, akaiegemeza kwenye ukuta wa uani, na kuku wakaupenda usukani wake kuliko banda tulilowajengea.

Mimi niliipenda fremu. Nilikuwa nimeshamaliza bando nyingi nikitazama kwenye simu baiskeli za vijana wa Tokyo na New York: fremu tupu, cheni moja, hakuna gia, hakuna madigadi, nyingine hazina hata breki. Sproketi ya nyuma, ile duara ya meno inayovutwa na cheni, inafungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila friwili, kile kifaa kinachokuruhusu kutuliza miguu gurudumu likiendelea, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, upende usipende. Ukitaka kupunguza mwendo unazipinga pedeli kwa miguu. Watarishi wa miji ya Marekani walizivumisha mitaani, lakini kwao hasa ni kwenye viwanja vya mashindano; Wajapani wanazikimbiza na kuzichezea kamari tangu 1948, katika mchezo wanaouita keirin.

Niliwaambia vijana wa kijiweni kwamba baiskeli ya namna hiyo inaitwa fiksi. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kwetu fiksi ni uongo. "Umepigwa fiksi, mwanangu," mmoja akasema, na kwa mwaka mzima uliofuata kulikuwa na siku nilizomwona huyo kama nabii.

Kilichonipa moyo ni mkia wa ile fremu. Pale ekseli ya nyuma inapokaa pana mwanya mrefu uliolala, umefunguka kuelekea nyuma, kwa hiyo unaweza kulivuta gurudumu hadi cheni ikaze, ukafunga nati. Baiskeli nyingi za gia mwanya wake umesimama. Kwenye hizo kazi ya kuivuta cheni hufanywa na mkono wa gia, na ukiutoa huo mkono cheni inaning'inia. Wenzetu huko nje wanazitafuta kwa tochi fremu za zamani zenye mwanya uliolala. Yangu ilikuwa imejaa kinyesi cha kuku.

Baada ya keria nilitoa madigadi, stendi, kengele, kava la cheni, na mwisho fito zote za breki, mbele na nyuma. Nikavipeleka kwenye mzani wa vyuma chakavu. Hela niliyopewa ilitosha chapati mbili na chai ya maziwa.

Kuna mzee mmoja fundi wa baiskeli, kijiwe chake kiko karibu na soko la Majengo, chini ya mwarobaini. Nilimpelekea baiskeli asubuhi. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuungaunga, "Mbukwenyi," kisha nikaongeza shikamoo ili nisikosee. Akaitikia zote mbili, akaizunguka Foniksi mara mbili bila kuigusa.

"Mjukuu wangu," akasema, "umeivua nguo."

Nikamweleza ninachotaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia habu ya kazi hiyo yeye hana, na hii iliyopo isiguswe. Nikamshukuru, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea.

Kosa hilo nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona vijana wengine wawili wakilirudia. Fundi aliichomelea friwili ndani, ile sehemu inayozunguka na ile iliyotulia zikawa kitu kimoja. Dakika kumi, kazi imekwisha, na kwa macho ilikuwa fiksi kamili. Tatizo ni kwamba friwili imeingia kwenye habu kwa thredi za kawaida, za kukaza kwa kulia. Ukipiga pedeli kwenda mbele, cheni inaikaza. Ukiipinga, unaifungua. Kwenye baiskeli ya kawaida hilo halina madhara, kwa sababu ukirudisha mguu nyuma friwili inazunguka bure na hakuna nguvu inayofika kwenye thredi. Kwenye yangu, kila nilipopunguza mwendo nilikuwa naigeuza miguu yangu kuwa spana.

Siku tatu ilinivumilia. Siku ya nne nilikuwa nateremka kutoka upande wa Chimwaga, Chuo Kikuu, mwendo umekolea, nikakaza miguu. Nikasikia kitu kimelegea chini yangu. Pedeli zikarudi nyuma laini kabisa, kama kijiko kwenye uji. Breki sina. Nikafanya tulivyokuwa tukifanya utotoni, nikaisukuma soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma, soli ikanuka. Barabara ilipokata kona mimi sikukata. Nikaingia mchangani, kutoka mchangani nikaingia kwenye ua wa minyaa wa mtu.

Aliyekulia Dodoma anajua utomvu wa mnyaa. Mwenye ua, mama mmoja mtu mzima, alinimwagia maji machoni kwa kata huku akiniuliza kama nimelewa. Kwa nusu saa dunia ilikuwa moto mweupe. Nilirudi nyumbani nikiikokota baiskeli, nikiielekeza kwa kusikiliza.

Kesho yake mzee hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinishikisha bolti, akaniambia nifunge nati na juu yake nifunge nati nyingine, halafu nijaribu kuifungua ile ya ndani. Haikutoka. Ndiyo siri ya habu ya kweli ya fiksi: sproketi inaingia kwa thredi ya kulia, na juu yake inakaa pete ya kufungia yenye thredi ya kushoto, kwenye ngazi ndogo kidogo. Ukipinga pedeli, sproketi inataka kufunguka, lakini inapojizungusha inaikaza ile pete. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yoyote nayo ina thredi ya kushoto, na kikombe cha gololi cha upande wa kulia kwenye ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli, mara nyingi ni hivyohivyo. Mzee aliyajua yote haya kabla sijazaliwa. Alikuwa hajawahi tu kuombwa na mtu ayatumie kumzuia asipumzike.

Nikaagiza habu China. Ilichukua wiki sita, ikaja inang'aa, ina thredi pande zote mbili: huku ya fiksi, huku ya friwili, ukichoka upande mmoja unaligeuza gurudumu. Nikaipeleka Majengo nimeikumbatia kama mtoto. Mzee akahesabu matundu kwa ncha ya msumari. Thelathini na sita. Akahesabu matundu ya ringi ya mjomba. Arobaini.

Hizi Foniksi zimefuata mtindo wa zamani wa Kiingereza, spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu nyuma ndiko mzigo uliko. Habu ya 36 haiingii kwenye ringi ya 40 hata uisomee dua. Sikuwa nimewaza kuhesabu. Nikawa na habu nzuri isiyo na ringi, na ringi nzuri isiyo na habu, na mfuko mtupu katikati yao.

Ringi ya 36 niliipata miezi miwili baadaye kwenye baiskeli ya mtumba ya Japani iliyopinda foku. Ni ya saizi ya 700, ndogo kuliko ya mjomba kwa milimita 13 za kipenyo. Nikaiona tofauti hiyo kama si kitu, mpaka nilipofika kwenye habari ya breki, nitafika huko. Kusuka gurudumu nilifundishwa na mzee mchana mmoja wa Jumapili: kila spoku inapita wenzake watatu, mara mbili juu na mara moja chini, na nati za spoku unazikaza robo robo, ukizunguka, usimalize upande mmoja kwanza. Nilimaliza upande mmoja kwanza. Ringi ikapiga nane. Alininyang'anya spana ndogo, akaifungua yote, akanirudishia. Jioni ilipoingia ringi ilikuwa inazunguka katikati ya vidole vyake viwili bila kugusa chochote.

Sasa meno. Hapa ndipo nilipoteza muda mwingi kuliko penginepo, na ndipo utamu ulipo.

Baiskeli ya gia inakuruhusu ukosee, maana kosa unalirekebisha kwa kidole. Hii unachagua mara moja, ukiwa umekaa kwenye kigoda, halafu unaishi na uamuzi wako kwenye upepo na mlima. Mbele Foniksi ilikuwa na meno 48, nyuma ilikuja na 20. Gawanya, unapata 2.4, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na nukta nne, na kwa tairi lile nene unasogea kama mita 5.4. Mimi niliona huo ni mwendo wa wazee. Habu yangu ilikuja na sproketi ya meno 16. Arobaini na nane kwa kumi na sita ni tatu kamili, mita 6.5 kila mzunguko. Kwenye tambarare, asubuhi, barabara tupu, ni raha isiyosimulika.

Ila nilikuwa nimepata kibarua Mtumba, kwenye ujenzi wa Mji wa Serikali. Kutoka katikati ya mji ni kilomita 17 hivi, kuelekea mashariki, na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi unatoka hukohuko. Ule unaobeba vumbi jekundu na mifuko ya nailoni, unaofunga milango kwa kishindo kuanzia Julai mpaka Oktoba. Nikiwa na meno 16 nyuma, nilikuwa napanda tambarare. Nilisimama kwenye pedeli kuanzia nyumbani mpaka getini, magoti yakaanza kulia kama nati za keria. Jioni upepo ule ule ulinisukuma nyumbani, na hapo shida ikawa kinyume: pedeli zinakwenda kasi kuliko miguu, na huwezi kuziacha.

Jambo la pili lilijitokeza kwenye tairi. Bado nilikuwa sina breki, nasimama kwa kufunga miguu mpaka gurudumu la nyuma linaburuzika. Baada ya wiki tatu tairi likatoka kitambaa sehemu moja tu, kipande cha urefu wa kiganja, kwingine kote jipya. Nikadhani ni tairi bovu. Nikanunua lingine. Likaisha palepale, ukilinganisha na valvu. Ilinibidi nichukue kalamu. Uwiano wangu ni tatu kamili: pedeli mzunguko mmoja, gurudumu mitatu, hakuna baki. Kwa kuwa kila mara nafunga miguu mguu wa kulia ukiwa mbele, tairi nalo linakuwa limerudi mahali palepale. Laiti nyuma kungekuwa na meno 17, sehemu za kuburuza zingekuwa 17. Kwa meno 20 na 48, ukirahisisha inakuwa 12 kwa 5, sehemu tano. Kwa 19, kumi na tisa, kwa sababu hakuna namba inayozigawa 48 na 19 kwa pamoja isipokuwa moja. Mwalimu wangu wa hisabati wa kidato cha pili angelia machozi ya furaha.

Nikaagiza 19. Siku nilipoifunga, nikapiga hesabu ya umbali wa mzunguko mmoja kwa gurudumu langu jipya dogo: mita 5.5 kasoro kidogo. Mjomba alikuwa na 5.4. Habu kutoka China, ringi kutoka Japani, tairi mbili, miezi tisa, nikawa nimemzidi mjomba kwa sentimita kumi.

Nilimwambia mzee. Akaendelea kuziba pancha ya mtu. Baadaye kidogo akauliza, "Kumi za kwenda mbele au za kurudi nyuma?"

Krenki nazo zilikuwa na maneno yao. Za Foniksi zinashikwa kwa pini yenye ubapa upande mmoja, na fiksi inaitikisa pini hiyo kwenda na kurudi, ambapo baiskeli ya kawaida inaisukuma upande mmoja tu. Ukisikia *tko* mara moja kila mzunguko, pini imelegea. Mimi nilikuwa naigonga nyundo na kukaza nati. Mzee akanionyesha: weka kipande cha bomba chini ya krenki, lisimame ardhini, ndipo ugonge, vinginevyo nguvu yote inaishia kwenye gololi. Kaza, endesha kilomita chache, gonga tena, kaza tena. Nati peke yake haiivuti pini. Kazi yake ni kuizuia isirudi.

Cheni isikazwe kama uzi wa zeze. Icheze sentimita moja hivi juu na chini, na ipimwe kwa kuzungusha krenki taratibu, kwa sababu sproketi za chuma za bei yetu si duara kamili. Kuna mahali zinakaza na mahali zinalegea. Pima pale inapokaza.

Miiba sitaisema sana. Mbigiri kila mtu anaijua, na miiba ya migunga inapita soli ya kiatu. Nilianza na tairi jembamba la milimita 25 kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye picha. Nikaziba pancha kumi na moja mwezi mmoja wa Agosti. Sasa navaa la 35, na ndani yake kuna tyubu kuukuu iliyopasuliwa, imetandikwa kama mkeka kati ya tairi na tyubu nzima. Ni nzito. Nafika.

Kava la cheni lilirudi baada ya suruali. Kwenye baiskeli ya kawaida suruali ikiliwa na cheni unasimama unaitoa. Kwenye fiksi cheni haijui kusimama. Inaendelea kumeza mpaka uanguke au kitambaa kichanike, na yangu ilichanika mpaka pajani mbele ya kituo cha daladala. Vivyo hivyo kidole. Usifute cheni kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka. Kovu langu liko kwenye kidole cha shahada, na nilikuwa na bahati, maana ule mzunguko hauishii pale unapopiga kelele.

Madigadi yalirudi Januari, mvua ya kwanza kubwa, tope la Nkuhungu likiwa limenichora mstari kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Kengele ilirudi kwa sababu ya mbuzi.

Breki nilichelewa kuikubali, kwa ubishi. Haikurudi kwa ajali. Ilirudi kwa sababu mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, alinifuata njiani akaniuliza kama anaweza kutoa za kwake. Nikaenda Majengo siku hiyohiyo. Nyuma haikuwezekana: breki za fito zinabana ukingo wa ndani wa ringi ya aina yake, na ile 700 yangu ukingo huo haina, na hata ingekuwa nao, zile milimita 13 zingeupotosha usawa wake na mpira wa breki. Mbele gurudumu la mjomba lilikuwa bado lipo. Fito zangu zilikwisha kuuzwa kwa kilo, nikanunua nyingine za Kihindi, bei yake sitaitaja mbele ya mama. Kwenye mvua ringi ya kromu inateleza, breki inashika baada ya kufikiri kwanza, lakini miguu inaisaidia. Hata watu wa huko nje wenye akili wanafunga breki ya mbele. Zinazotoka bila breki kabisa ni za uwanjani, ambako kila mtu anakwenda upande mmoja na hakuna bajaji.

Nilimsimulia mzee kwamba ile Rover ya John Kemp Starley ya Uingereza, ya 1885, iliyozaa umbo la baiskeli tulizonazo, ilikuwa na cheni moja kwenda gurudumu la nyuma na haikuwa na friwili. Kwamba mashindano makubwa ya Ufaransa yaliwakataza waendeshaji gia za kubadilisha mpaka 1937. Akasema yeye anakumbuka tu baiskeli za breki ya miguu, zile unazozirudisha pedeli nyuma zikasimama, na kwamba hazikuhitaji maelezo marefu hivi.

Keria ilikuwa ya mwisho. Mjomba alikuja mwezi wa sita kutoka Bahi, pikipiki yake imeuzwa, na begi moja. Akaikuta Foniksi uani. Aliitazama kwa muda. Hakuuliza fito za zamani ziko wapi. Akavuta kofia, akapanda, akazunguka nyumba mara moja. Kwenye kona ya bafu akafanya kama alivyozoea miaka yote, akatuliza miguu. Pedeli ikambeba mguu wa kulia juu, kitako kikatoka kwenye siti, akatua tena, kofia chini.

"Mpwa wangu," akasema alipokwisha kushuka na kupumua, "hii inakuendesha wewe."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mzigo unaweka wapi?"

Kesho yake nilinunua keria. Niliitafuta ile ya zamani kwa muuza vyuma chakavu kwa aibu tu, nikijua haipo. Mpya ni ya fito nyembamba, haina ile miguu minne iliyoshiba. Mzee aliifunga bila kusema neno, akapaka grisi kwenye nati zote nne ili mtu wa baadaye asisumbuke.

Mjomba alikuwa anataka kwenda Majengo kununua mbegu. Niliilaza baiskeli, nikafungua nati za nyuma, nikaligeuza gurudumu upande wa friwili, nikavuta cheni, nikapima kwa kidole, nikakaza. Akapanda nyuma, upande upande, begi mapajani. Tulipofika kwenye mteremko mdogo kabla ya lami nikatuliza miguu, na friwili ikaanza kulia, *trrrr*, mpaka chini.

"Hapo sawa," akasema.